Kiitikio cha Viruka

Asubuhi ile Nakijwa Mgonja alipanda mlimani kwenda kwenye miti ya mishai ya Ikombo akiwa na furaha. Mume wake, Mbonea, alikuwa ameamka bila kukohoa, na wakati wa chai aliimba mistari miwili ya besi, polepole, kidole chake kikigonga kikombe. Tangu mapafu yake yaanze kukauka hakuwa ameimba hata neno. Dawa ilikuwa inafanya kazi. Na dawa ilitoka huku juu, kwenye matawi yenye ukungu, ndani ya tumbo la mdudu mdogo kuliko punje ya mtama.

Alifika kwenye mti wa kwanza, akafuta umande, akachomeka sindano ya kusikilizia katika kitawi laini, akavaa hedifoni.

Watu wa Ikombo walimwita mdudu huyo kiruka, kwa sababu ukimsogelea hujirusha kama cheche. Vitabu vilimweka katika ukoo wa chawa warukao wa mimea, na zaidi ya hapo havikuwa na la kusema. Hakula mahindi ya mtu, hakuharibu tangawizi, hakuuma ng'ombe. Kwa hiyo, kwa miaka mingi, hakuna aliyejisumbua kumjua. Nakijwa alimjua tangu usichana wake, na ukimuuliza kwa nini, alikujibu kwamba alimpenda tu.

Viruka hawana sauti ya kusikika hewani. Dume hutetemesha mabawa, mtetemo unashuka miguuni, unaingia kwenye kitawi na kusafiri kama mtetemo wa uzi wa zeze. Jike aliye upande wa pili wa tawi huusikia kwa nyayo zake. Akimkubali, huitika. Dume husogea, huita tena, na jike huitika tena, hadi wakutane. Asipoitikiwa, huhama tawi akajaribu kwingine.

Zamani, ukichomeka sindano kwenye mshai wowote wa Ikombo kabla ya masika, masikio yalijaa kama siku ya gulio. Asubuhi ile Nakijwa alisikia maji yakidondoka na upepo ukikwaruza gome. Alingoja. Kwa mbali sana, labda kwenye tawi la juu kabisa, dume mmoja aliita, akanyamaza.

Alivua hedifoni akaanza kugeuza majani. Majike walikuwepo, wengi, wamekaa kando ya mayai yao kama kawaida. Yai la kiruka likiwa zima hunenepa, na baada ya muda huonyesha nukta mbili nyekundu ambazo ndizo macho ya mtoto. Mayai haya yalikuwa yamesinyaa. Aligeuza jani jingine, akaenda mti wa pili, akapita kilima kizima akigeuza majani hadi vidole vikafa ganzi kwa baridi. Kote alikuta makapi.

Majike walikuwa wametaga bila kukutana na madume. Na Nakijwa alijua madume walikokwenda, kwa sababu yeye ndiye aliyewaita.

*

Kikauko kilianza mbuga za chini zilipogeuka vumbi. Vumbi lile lilikuwa jepesi, la kijivu, likapanda na upepo hadi milimani, na watu waliolivuta walianza kwa kikohozi kidogo, kisha kifua kikakaza mwaka hadi mwaka kama ngozi iliyoanikwa. Hospitali zilijaribu kila kitu. Mwishowe ikagundulika kwamba ndani ya kiruka kuna kifuko cha manjano, na ndani ya kifuko kile mnaishi bakteria anayetengeneza sumu ndogo ya kumlinda mwenyeji wake. Sumu hiyo ilipopimwa kwenye mapafu yaliyokauka, iliyalainisha.

Tatizo lilikuwa bakteria mwenyewe. Alikuwa amekaa ndani ya viruka kwa vizazi visivyohesabika, mama akimrithisha kwa yai, hadi akapoteza karibu kila kinachomwezesha kiumbe kuishi peke yake. Maabara kubwa zilimtoa zikamlisha, akafa. Zilijenga nyumba za vioo, zikapanda mishai, zikapuliza ukungu wa mashine. Viruka wakaletwa humo, nao wakafa. Walitaka mlima wao.

Ndipo Nakijwa na Mbonea wakatengeneza kiitikio. Kilikuwa kidude cha ukubwa wa kiberiti, kinachobanwa kwenye tawi. Dume akiita, kidude kinaitika kwa mtetemo wa jike. Mwanzoni madume walikikimbia, na Nakijwa hakuelewa sababu. Mbonea, aliyekuwa mwalimu wa kwaya ya usharika, alikaa na hedifoni akisikiliza sauti za viruka zilizopunguzwa mwendo, macho ameyafumba.

"Kinawahi," alisema. "Jike hajibu papo hapo. Anamwacha dume amalize, anavuta kama pumzi moja, ndiyo anaitika. Hata kwaya iko hivyo. Ukidakia kabla kiongozi hajamaliza, wimbo umeharibika."

Walikirekebisha. Siku ya kwanza madume walikuja kutoka kila upande, wakitembea juu ya gome kuelekea kwenye kile kidude, wakajaa tawi zima. Nakijwa aliwapangusa kwa brashi, akawatia kwenye mfuko wa kitambaa. Mbonea alikuwa amesimama kando yake.

"Tumewadanganya, maskini," alisema, wala hakucheka.

Walijiambia kwamba hakuna ubaya. Waliwaacha majike wote, na dume mmoja anatosha majike wengi. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi kwa mlima wenye ukungu wa zamani. Lakini ukungu ulikuwa ukipanda juu kila mwaka, ukiiacha mishai ya chini ikavu, na viruka waliobaki hawakuzaa tena kila mwezi. Walizaa mara moja tu kwa mwaka, kuanzia kabla ya masika hadi majani mapya yanapochipua.

*

Hospitali ilikuwa chini ya mlima. Dokta Salha Mbwambo alimpokea Nakijwa kwenye varanda ya wodi ya kikauko, kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi ya kukaa. Kupitia dirishani waliwaona wagonjwa wamelala kiubavu, mabega yakipanda na kushuka.

Nakijwa alimweleza yote. Dokta Salha alisikiliza bila kumkatiza, mikono mfukoni mwa koti.

"Tukiwavuta sasa, kabla ya masika?" aliuliza.

"Mtapata dawa ya kuwafikisha hawa hadi vuli. Baada ya hapo hakuna. Hakutakuwa na kiruka hata mmoja, Dokta. Si mwaka huu tu. Milele."

"Na tukiacha?"

"Madume waliobaki wakutane na majike. Masika haya, na yajayo. Halafu tuanze tena kidogo kidogo."

"Hawa hawafiki huko."

"Najua."

"Wachache labda. Vijana." Dokta Salha aligeuka akatazama dirishani. "Nakijwa, mimi natibu aliye kitandani. Huyo wa kesho simuoni uso. Simjui jina. Huyu pale karibu na mlango namjua, ananiuliza kila asubuhi kama nimekunywa chai."

Kama Nakijwa ndiye angekuwa amevaa koti lile, angesema yaleyale.

"Mimi ningevuta," Dokta Salha alisema. "Nikuambie ukweli. Lakini si neno langu. Msemaji ni wewe."

Ndivyo sheria ilivyokuwa. Baada ya misitu mingi kuisha kwa mahitaji ya watu wenye shida za kweli, iliamuliwa kwamba kila kiumbe ambaye watu huchukua kitu kwake awe na msemaji: mtu mmoja anayemfahamu, ambaye akisema hapana, hakuna hospitali wala serikali ya kumpindua. Msemaji wa viruka alikuwa Nakijwa. Alipoapishwa, watu wa Ikombo walicheka, wakimuuliza kama atavaa joho. Mbonea ndiye aliyempigia makofi kuliko wote.

"Mumeo yumo kwenye orodha yangu," Dokta Salha alisema kwa sauti ya chini. "Sheria inakuruhusu kukaa pembeni kwa ajili ya ndugu. Ukijiuzulu, kiti kinabaki wazi hadi apatikane mwingine, na kikiwa wazi, uamuzi ni wa hospitali. Sikwambii ufanye hivyo. Nakwambia tu ipo."

*

Mbonea alijua kabla hajaambiwa. Alimwona mkewe akiingia uani akiwa amebeba viatu mkononi, uso umemshuka, akaacha kumenya viazi.

Nakijwa alikaa kwenye kigoda karibu naye akamweleza kama alivyomweleza daktari, bila kupunguza neno. Alipomaliza, kuku walikuwa wakichakura maganda miguuni mwao.

"Kwa hiyo umeshaamua," Mbonea alisema.

"Sijaamua."

"Umeamua. Nakujua. Ungekuwa hujaamua ungeingia ukilia."

Alikohoa, akangoja kifua kitulie. Nakijwa aliunyoosha mkono kumsugua mgongo, naye akauacha usugue.

"Nisikilize, Nakijwa. Watu watakuja hapa watataka niseme, 'Mke wangu, niache niende, okoa vizazi.' Mchungaji atalipenda sana hilo. Mimi sisemi. Mimi nataka kuishi. Nina miaka arobaini na nne. Nataka kuimba Pasaka. Usinigeuze mtakatifu nikiwa bado nakula viazi."

"Sijakugeuza."

"Basi jiuzulu." Alimgeukia. "Hata kuamua huna haja. Achia kiti, nenda zako kwa mama yako wiki moja. Salha atafanya kazi yake. Wewe hutakuwa umemuua mtu wala mdudu."

Jambo lililomtisha Nakijwa ni jinsi lilivyokuwa jepesi. Sahihi moja, na baadaye angeweza kusema maisha yake yote kwamba hakuwa yeye.

"Nikijiuzulu, nitakuwa nimeamua," alisema. "Nitakuwa nimewavuta kwa mkono wa Salha."

"Sawa! Wavute kwa mkono wa Salha! Mimi ni mumeo!"

Alipaza sauti, na kwa kupaza sauti pumzi ikamwishia. Alishika ukingo wa kiti, midomo ikageuka rangi. Nakijwa alimfungua kola, akamshika kifuani, akahesabu naye kuvuta na kutoa kama walivyofundishwa wodini. Pumzi ilirudi taratibu. Walibaki hivyo, paji kwa paji.

"Wangapi watakipata kikauko miaka hamsini ijayo?" Nakijwa alinong'ona. "Vumbi halijaisha, Mbonea. Watoto wanaozaliwa leo wanalivuta."

"Sijui wangapi," alisema. "Na wewe hujui. Mimi unanijua."

*

Kesho yake Nakijwa alipanda mlimani akavitoa viitikio vyote. Alivibandua kwenye matawi kimoja kimoja, akaviweka kwenye kikapu. Madume wachache walikuwa bado wamekizunguka kidude cha mwisho, wakiita. Alipokitoa walitawanyika.

Kisha alituma neno lake hospitalini. Neno lilikuwa hapana.

Habari ilishuka mlimani upesi kuliko yeye. Dukani walimhudumia bila kumtazama. Mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa wodini alimfuata hadi kwenye kijito, akamuuliza kwa upole kabisa kama ni kweli, na aliposikia ni kweli akaketi chini kwenye majani mabichi kama mtu aliyekatwa miguu. Nakijwa alikaa naye. Yule mama hakumfukuza, wala hakumsemesha.

Aliyemsemesha ni Nanzia, dada mkubwa wa Mbonea, aliyewalea wadogo zake wote baada ya wazazi kufariki. Alifika na mkungu wa ndizi kichwani, akautua mlangoni, hakuingia ndani.

"Wifi," alisema, "nimesikia umechagua chawa."

"Dada, ingia kwanza ukae."

"Sikai. Nilikubeba harusini kwa mikono hii. Nilisema mdogo wangu amepata mtu. Hebu niambie, huyo chawa atakuzika?"

Ndani, Mbonea alisikia. Aliita kwa sauti iliyokwaruza, "Nanzia, mwache." Hakuongeza kitu.

Dawa iliyokuwa imebaki iliisha. Mbonea alikataa kupelekwa wodini. Alisema hataki kufa akiwa anatazama dari la mabati. Nakijwa alihamishia kitanda karibu na dirisha. Alimwogesha, alimgeuza, alimpikia uji mwepesi, na Mbonea alipokea kila kitu kwa adabu kama mgeni. Adabu hiyo ilimuumiza Nakijwa kuliko matusi yoyote.

Masika yalipoanza, alirudi siku moja kutoka mlimani akiwa ameloa, na uso wake haukuweza kuficha. Mbonea alimwona.

"Wamekutana," alisema. Hakuwa anauliza.

"Miti michache. Nimesikia jike akiitika. Jike wa kweli." Alitoa kinasa sauti chini ya koti la mvua. "Nimekuletea. Ukitaka."

Mbonea alikitazama kile kifaa kwa muda. Yeye ndiye aliyewafahamu viruka kwa sikio kuliko mtu yeyote duniani, na Nakijwa alikuwa ameshuka mlima wote akifikiri kwamba labda, labda, hili lingemfurahisha.

"Hapana," alisema. "Kiondoe. Hao wamechukua pumzi zangu, sasa ndizo wanazoimbia."

Alikiondoa. Alikwenda jikoni akalia akiwa ameuziba mdomo kwa kanga. Aliporudi, Mbonea alikuwa amegeukia mlango.

"Kuna makande?" aliuliza.

"Nitapika."

"Tia karanga nyingi."

Alipika hadi mahindi yakalainika kabisa. Mbonea alikula vijiko viwili, akasema ni matamu, akaomba aegemezwe. Nakijwa alipanda kitandani akakaa nyuma yake, kifua chake kikiwa mto wa mgongo wa mumewe, kama walivyokaa zamani wakisikiliza kanda za viruka kwa hedifoni moja. Mvua ilikuwa ikinyesha. Alihisi kila pumzi ya Mbonea ikipita kwenye mifupa yake mwenyewe.

"Bado nimekukasirikia," Mbonea alisema.

"Najua."

"Usiondoke."

"Siondoki."

Alifariki asubuhi, mvua ikiwa imekatika na jua limeingia dirishani. Alikuwa bado amemkasirikia, na mkono wake ulikuwa umeushika wa mkewe. Nakijwa hakujaribu kulifuta hata moja kati ya hayo mawili.

*

Kwaya ilimwimbia Mbonea nyimbo alizowafundisha, na besi ilisikika ina pengo. Ilipofika zamu ya mjane kutupa udongo, Nakijwa aliinama akachukua konzi moja. Nanzia akamkamata kiwiko.

"Wewe usitupe," alisema. Hakupiga kelele, lakini watu wote walisikia. "Wewe ulishatupa."

Nakijwa alimtazama wifi yake, akaona macho yaliyovimba, akaona pia kwamba shavu la Nanzia lilikuwa shavu la Mbonea. Aliurudisha udongo chini taratibu, akarudi nyuma, akasimama mwisho wa watu hadi kaburi likafukiwa.

Mwaka ule wodi ya kikauko ilipoteza wengi. Dokta Salha alimtumia Nakijwa majina yao, si kwa ubaya, aliandika tu, "Nadhani ungetaka kuwajua." Nakijwa aliyasoma yote kwa sauti, peke yake nyumbani. Yule aliyekuwa karibu na mlango alikuwamo.

Masika yaliyofuata, mishai ya Ikombo ilipochipua, majani mapya yalikuwa na viruka wachanga chini yake, bapa, kijani, macho mekundu. Hawakuwa wengi kama zamani. Walikuwa wa kutosha. Hospitali ilipewa ruhusa ya kuchukua sehemu ndogo kwenye miti michache, na dawa ya kwanza ikaenda kwa msichana kutoka mbugani ambaye Nakijwa hakuwahi kumwona. Aliambiwa kwamba anaendelea vizuri. Alishukuru, akakata simu, akakaa kitandani upande wa dirisha.

Lakini ukungu ulikuwa bado unapanda. Kama mishai ingebaki ilipo, baada ya miaka michache viruka wangekauka nayo. Miti ingelazimika kuufuata ukungu, na miti haitembei. Kwa hiyo Nakijwa aliotesha miche nyuma ya nyumba, akaanza kuipeleka kwenye mgongo wa juu wa mlima, mahali pasipo na njia. Alikwenda peke yake. Hakuomba msaada, kwa kuwa hakujua angemwomba nani.

Siku moja ya ukungu mzito alitoka uani na miche kichwani, akamkuta mtu amesimama penye ua. Alikuwa Nanzia, amevaa buti za shamba na sweta kuukuu la Mbonea, kanga ya kubebea imefungwa kiunoni. Hawakuwa wamezungumza tangu mazishi.

Nakijwa alisimama. "Shikamoo, dada."

Nanzia hakuitikia mara moja. Alimpita, akaenda nyuma ya nyumba, akaichagua miche, akiitikisa kidogo kuona kama mizizi imeshika udongo. Aliijaza kwenye tenga, akapiga goti moja, akalipandisha kichwani, akasimama akihema. Pumzi yake ilikuwa na mkwaruzo mdogo ambao Nakijwa aliutambua papo hapo.

"Dada," Nakijwa alisema. "Kifua hicho kimeanza lini?"

"Sijakusamehe," Nanzia alisema. "Ulijue hilo kabisa, wifi. Nimekuja kubeba."

Akatangulia kupanda.